Gari Haijatokea, Mlio Ushafika

Nilipokuwa na miaka minane nilikuwa na kazi isiyo na mshahara. Kila alasiri nikitoka chuoni nilikaa kwenye baraza ya nyumba yetu Tibirinzi, Pemba, nikafumba macho, nikawa nasikiliza gari zinazoingia na kutoka Chake Chake. Pembeni yangu alikaa ami yangu, utingo wa gari ya mbao iliyokuwa ikienda Mkoani, akinywa kahawa chungu na kuniuliza swali lile lile: "Ipi hiyo?" Nikisema Bedford na kweli ikatokea Bedford, napata kashata. Nikikosa, napata kicheko cha baraza nzima.

Kashata sikuzikosa sana. Gari za wakati ule zilikuwa na sauti kama watu. Land Rover gia zake ziliimba kuliko injini. Bedford ilinguruma kifuani, na ikifika mlimani dereva akishusha gia ule mlio ulikatika kidogo, kama mtu anayemeza mate, kisha ukarudi mzito zaidi. Peugeot 404 haikuwa na makelele. Uliyasikia matairi yake kwenye changarawe kabla hujaisikia yenyewe. Na Vespa ya mwalimu mmoja wa skuli ililia kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo, nyuma yake moshi wa buluu, kwa kuwa injini ya namna ile huchanganyiwa oili na petroli vikachomwa pamoja. Mlio ukibadilika, ami alijua pa kutazama. "Plagi moja haichomi hiyo," angesema, gari yenyewe bado iko nyuma ya migomba.

Sikujua kwamba duniani kuna watu wanaokula kwa kazi ile ile: kuisikiliza gari, kuiendesha, kisha kuwaambia wengine ukweli wake. Sasa ni zaidi ya miaka thelathini tangu nami nianze kula kwa kazi hiyo, na bado naamini kwamba mafunzo yangu yote niliyapata pale barazani. Yaliyofuata yalikuwa ni kujifunza tahajia.

Kulikuwa na redio pia. Watoto wa Tibirinzi, Waislamu sisi, Pasaka tuliijua kwa sababu moja: ndizo zilikuwa siku za Safari. Mashindano hayo ya magari ya Afrika Mashariki yalianza mwaka 1953 kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na kwa miaka mingi yalizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Hayakufanyiwa uwanjani. Gari zilipita barabara zile zile za basi la abiria, za ng'ombe na za mikungu ya ndizi, tena siku za Pasaka, masika yakiwa yamekolea, matope nayo yakapata zamu yake. Mwaka 1963 ziliondoka gari 84 zikamaliza 7. Mwaka 1968 ziliondoka 93, zikamaliza 7 vile vile. Miaka yote miwili walioongoza ni Nick Nowicki na Paddy Cliff, na gari yao miaka yote miwili ni Peugeot 404. Mtu wa Chake aliyekuwa na fedha za kununulia gari hakuhitaji tangazo jingine.

Katikati ya miaka hiyo, 1966 na 1967, alishinda Bert Shankland pamoja na Chris Rothwell, nao kwa 404. Shankland alikuwa Mskochi aliyekuwa akiishi Tanzania, na hiyo ilimtosha ami kumwita "wa kwetu". Mimi mwenyewe Safari ya kwanza ninayoikumbuka kwa masikio yangu ni ya mwaka 1973. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye aila yake ilikuwa imefukuzwa huko mwaka uliotangulia, alimaliza na Datsun 240Z akiwa sawasawa na Harry Källström wa Sweden, naye akiwa katika Datsun. Alama zao za adhabu zililingana. Ushindi akapewa Mehta kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata alama ya kwanza. Barazani kwetu jambo hilo lilibishaniwa hadi isha. Wazee walisema ni uamuzi wa haki, kama kumpa ngawira aliyechelewa kukosea. Vijana walisema ni bahati. Mehta alikuja kushinda tena mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, na wote wakanyamaza.

Lakini aliyetupendeza zaidi ni Joginder Singh, kwa kuwa alikuwa fundi. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, mikono yake ikazoea spana kabla ya usukani. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya: ilikuwa gari iliyokwisha kukimbizwa na timu ya kiwanda katika mashindano ya mwaka wa nyuma, naye akaichukua ikiwa imetumika, akaishughulikia kwa mikono yake. Alishinda tena 1974 na 1976, safari hizo kwa Mitsubishi Lancer. Hadithi ya ile Volvo ami aliirudia kila gari mbovu ilipokwama mbele ya nyumba. Angenyosha kidole: "Mkono wa pili ile! Mkono wa pili!" Kwa mtu ambaye maisha yake yote hakupata kuiona gari ikitolewa karatasi za kiwandani, hiyo haikuwa habari ya michezo. Ilikuwa habari ya kwetu.

Nikiwa mkubwa ndipo nilipoelewa kwamba sauti zile za redioni na picha za magazetini zilikuwa na watu nyuma yake. Mmoja wao ni Mohamed Amin. Wengi humjua kwa picha za njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984, zilizoutikisa ulimwengu. Wachache hukumbuka kwamba alianzia kwenye vumbi la magari. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na huko, angali mwanafunzi, alijipatia kamera iliyotumika ya Box Brownie kwa shilingi 40. Picha zake za mwanzo kuuzika magazetini zilikuwa za Safari. Mtoto wa skuli, kamera ya mkono wa pili, anapiga gari zinazopita kwa kasi: hebu fikiria ni filamu ngapi ziliharibika kabla ya kupatikana picha moja iliyotulia. Gari haisimami ikakungoja. Lazima ujue itatokea wapi na itapindia wapi, na kidole chako kianze kushuka kabla yake.

Sisi Wazanzibari tunapaswa kumkumbuka kwa jambo jingine pia, lisilofurahisha. Mwaka 1966 alikamatwa Unguja kwa kazi yake ya kamera akawekwa jela karibu mwezi mzima. Alitoka, akaendelea. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimkata mkono wa kushoto. Akatengenezewa mkono wa bandia, akarudi kwenye kamera. Alifariki tarehe 23 Novemba 1996 katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara na kuanguka baharini karibu na Ngazija. Nikiwasomesha vijana wanaotaka kuandika habari za magari, huanza na Amin, si na injini. Aliyeweza kuisubiri gari kwenye kona moja siku nzima, juani, bila ya kujua kama itafika, huyo ameshafuzu nusu ya kazi.

Ulaya kazi hii ina masultani wake. Paul Frère wa Ubelgiji alikuwa mwandishi wa magari aliyeshinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1960, katika Ferrari, akipokezana usukani na Olivier Gendebien. Alipoandika kwamba gari fulani inayumba kwenye kona, mhandisi hakuthubutu kumwambia kwamba hajui kuendesha. Na yupo Denis Jenkinson, Mwingereza mfupi mwenye ndevu nyingi, aliyekuwa akiliandikia jarida la Motor Sport. Tarehe 1 Mei 1955 alikaa ubavuni mwa dereva wa mashindano Stirling Moss katika Mercedes-Benz 300 SLR yenye namba 722, namba hiyo ikiwa ndiyo saa waliyoondoka, yaani saa 1 na dakika 22 asubuhi. Waliizunguka Italia katika mashindano, kutoka Brescia hadi Roma na kurudi, yapata kilomita 1,600, kwa saa 10, dakika 7 na sekunde 48. Wastani wao ulipita kilomita 157 kwa saa, katika barabara za kawaida zenye kuta za nyumba, vichochoro na madaraja.

Jenkinson alikuwa ameiandika njia yote katika karatasi ndefu ya mita 5 na zaidi, akaiviringisha ndani ya kisanduku chenye kioo, akawa anaizungusha kadiri wanavyokwenda. Injini ilipiga kelele hata sauti ya mtu haisikiki, basi alimpa Moss ishara za mkono: kona hii legeza, ile usiogope, kanyaga. Kisha akarudi kwao akaandika makala juu ya safari ile ambayo mpaka leo waandishi wa magari huisoma kama mwanachuoni anavyosoma matini.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Kazi ile niliiona Pemba nikiwa na miaka minane! Utingo wa gari ya mbao husimama nyuma, amening'inia kwenye ngazi, na dereva yuko mbele hamsikii. Basi huzungumza naye kwa kiganja. Akigonga bodi mara moja, simama. Mara mbili, twende. Kugonga mfululizo, haraka haraka, maana yake ni kwamba pana mzee bado ana mguu mmoja chini, au kwamba gunia linataka kuanguka, na dereva anayejua kazi hutofautisha hata mgongo wa kiganja na ncha za vidole. Ami yangu aliijua njia ya Mkoani jiwe kwa jiwe, kilima kwa kilima, bila karatasi. Tofauti yake na Jenkinson ni kwamba jioni aliporudi hakuna aliyemwambia aandike.

Nami sikuandika, si wakati ule. Makala yangu ya kwanza ya gari ilitoka katikati ya miaka ya 1990, katika gazeti moja la Dar es Salaam ambalo sitalitaja. Ilihusu pikapu ndogo iliyokuwa ikiuzwa kwa wingi kwa wafanyabiashara. Niliisifu injini. Nikaandika pia kwamba breki zake za nyuma hukamata mapema ikiwa tupu, na kwamba mvua ikinyesha dereva awe na hadhari. Gazeti lilipotoka, sifa za injini zilikuwepo zote. Breki hazikuwepo. Mhariri, mtu mwema tu, alinieleza kwa upole kwamba ukurasa wa pili una tangazo la wauzaji wa pikapu ile. "Bwana, wewe andika, lakini tuishi," aliniambia. Nililipwa vizuri. Mpaka leo nikiiona pikapu ya namna ile barabarani, hasa mvua ikinyesha, moyo wangu hunisuta.

Hilo ndilo donda la kazi hii kwetu, na nitalisema wazi kwa kuwa nimekwisha kuzeeka nalo. Kwa Kiswahili tunazo kurasa za magari, tunavyo vipindi, siku hizi tuna na vijana wanaozungumza mbele ya simu zao. Lakini nyingi ya kazi hizo ni matangazo yaliyovishwa kanzu ya makala. Gari zote ni nzuri. Zote zina "mvuto". Zote hazinywi mafuta. Kenya walau Gavin Bennett kwa miaka mingi katika Daily Nation amewajibu wasomaji wenye gari zinazowasumbua, mmoja mmoja, kuhusu gari wanazoziendesha hasa na si zile wanazoziota. Lakini kwa Kiingereza. Dereva wa daladala ya Konde haandikiwi na mtu.

Mwandishi wa magari anaweza kufanya nini akiachwa aseme? Mwaka 1997 Mercedes-Benz ilitoa gari ndogo, A-Class. Oktoba ya mwaka huo waandishi wa jarida la Sweden, Teknikens Värld, waliipeleka kwenye jaribio lao la siku nyingi: unakwenda kasi, unakata ghafla kushoto kisha unarudi kulia, kama mtu anayemkwepa mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu ambaye misitu ya huko ni yake na barabara huidhani ni yake pia. A-Class ikapinduka. Kwanza kiwanda kilikuwa kikijitetea. Baadaye kilisimamisha mauzo, kikaziita gari zilizokwisha kuuzwa, kikazirekebisha na kuzitia zote mtambo wa elektroniki unaozuia gari kuseleleka. Na jambo lililowachekesha Wazungu zaidi ni kwamba Trabant, kigari cha bei rahisi cha Ujerumani Mashariki, nchi ile ile iliyotusaidia Zanzibar kujenga majumba ya fleti, kilipita katika jaribio lile bila kuanguka.

Sisi hatuna kulungu wa namna ile. Tunaye ng'ombe wa Pemba anayetoka migombani saa 12 jioni bila salamu. Jaribio letu lingekuwa hilo.

Na kusema kweli mimi nimekwisha kujitungia majaribio yangu. Gari zinazokuja kisiwani hapa sasa, karibu zote, ni za Japani na zimetumika. Zinatufaa kwa kuwa Wajapani kama sisi hupita kushoto, usukani uko kulia, na kwao gari ikizidi kuwa na umri, ukaguzi wa lazima wa kila baada ya miaka miwili huwa gharama juu ya gharama. Ni nafuu kuiuza. Huko hupita mnadani na kupewa karatasi yenye alama. Ukiona 4 au 4.5, ni gari iliyotunzwa. Ikiwa 3.5, ina makovu ya kawaida. Ukiona herufi R, iliwahi kugongwa ikatengenezwa. Karatasi hiyo ni ya Kijapani, basi mnunuzi wa Chake huoneshwa picha nzuri na karatasi ikabaki mfukoni kwa mtu. Dalali mmoja aliwahi kuniapia kwamba R ni kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya "halisi". Sikubishana naye. Nililala chini ya gari nikaona chesisi ilivyounganishwa kwa kulehemu.

Pia uliza gari ilitoka sehemu gani. Hokkaido, kaskazini ya Japani, theluji ni nyingi na barabara humwagiwa chumvi ili theluji isigande. Chumvi ile hula vyuma kwa chini, mahali ambapo hakuna anayepiga picha. Gari hiyo hupanda meli, ikashushwa Unguja au Dar, ikapanda meli tena hadi Mkoani, ikaja kuishi katika kisiwa ambacho bahari haiko mbali na nyumba yoyote. Chumvi juu ya chumvi. Sijali rangi inang'ara vipi. Mimi hutaka kwanza kuiona tumboni.

Ikishapita hapo, huipakia. Gari ya Pemba haiendi tupu, kwa nini niijaribu tupu? Huchukua watu wanne wazima, mmoja wao awe mnene na mwenye subira, na gunia la mbata nyuma. Naiacha ipoe usiku kucha, niiwashe alfajiri, maana injini iliyokwisha kupata moto huficha mengi. Kisha tunakwenda Wete kwa barabara ya zamani, ile inayopinda vijijini, milima na mabonde, na redio imezimwa. Redio lazima izimwe. Gari ya Kijapani yenyewe ni msemaji: ukiiwasha tu, nyingi humwambia dereva maneno matamu kwa sauti ya mwanamke, na dereva wa teksi mmoja hapa Chake aliamini miaka miwili kwamba anaombewa safari njema. Nilipopata mtu wa kunitafsiria, kumbe bibi yule alikuwa akimkumbusha kwamba hajatia kadi ya kulipia barabara kuu. Barabara hizo ziko Japani. Dereva alisikitika kidogo, kisha akasema ataendelea kuitikia amina.

Na mwisho huenda dukani nikauliza bei ya spea. Shokapu, beringi ya gurudumu, pampu ya mafuta. Kama hakipo Chake, kitachukua siku ngapi kutoka Unguja? Gari nzuri inayolala gereji wiki tatu ikisubiri kipande kidogo cha plastiki, kwa mwenye daladala si gari nzuri. Hiyo ndiyo sababu Toyota imetawala hapa, wala si kwa uzuri wa sura. Sura ya Probox hata mama yake haisifu.

Kizazi changu kilipata bahati ya kuona gari ambayo haikutengenezwa Japani wala Uingereza, ila Pemba. Naam, kichwa na chesisi vilikuja kwa meli. Lakini kuanzia nyuma ya mgongo wa dereva, gari ya mbao ilikuwa kazi ya seremala wa hapa. Alianza na sakafu, akasimamisha nguzo, akaweka paa, mabenchi ya urefu mzima, na pembeni akaacha wazi ili upepo upite, na turubai la kukunjua mvua ikija. Palipotikisika sana alitumia bolti, si msumari, kwa kuwa msumari hujichomoa wenyewe taratibu barabara ikiwa mbovu. Paa lilikuwa ghala: mikungu ya ndizi, baiskeli, makuti, kuku waliofungwa miguu, na msimu wa karafuu magunia yaliyoifanya gari inukie kabla haijafika. Fundi makanika alijua uzito wa bodi ya seremala fulani kwa namna springi zilivyokaa. Seremala alijua dereva yupi hukata kona vibaya kwa namna nguzo zilivyolegea. Watu wawili hao walizungumza kwa kupitia gari, na ami yangu akiwa mkalimani.

Siku za Idi gari hizo zilikuja Tibirinzi kutoka kila upande, kwa kuwa kiwanja cha kufurahishia watoto kiko hapa kwetu. Watoto wa shamba walishuka na nguo mpya zenye vumbi la safari. Wao walikimbilia pembea. Mimi nilibaki nyuma nikizunguka gari moja moja, nikigusa mbao, nikisoma maandishi ya rangi yaliyoandikwa nyuma, nikinusa mafuta. Mama alinipiga mara mbili kwa kuchafua kanzu ya Idi kwa grisi. Yalikuwa mapigo ya haki.

Sasa zimebaki chache. Mahali pake zimekuja gari za abiria za chuma, nyepesi, za haraka, zinazokunywa mafuta kidogo, na sitawadanganya kwa kusema kwamba za zamani zilikuwa bora: zilikuwa moto, zilikwenda polepole, na siku ya mvua turubai lilivuja kwenye shingo ya mtu mmoja yule yule. Nina masikitiko mengine. Wataalamu wa Volvo ya Joginder wanajua ilikotoka, ilikopita, na ilirekebishwa nini. Karatasi ya Jenkinson inajulikana urefu wake. Gari za mbao za Pemba zilibeba kisiwa kizima kwa miongo mingi, na sijui pa kumpeleka kijana anayetaka kusoma nani alijenga ipi. Kosa hilo ni la waandishi wa magari, nami ni mmoja wao. Nilikuwa nikijaribu pikapu za matajiri wa Dar wakati mafundi wale wangali hai.

Basi nakuomba wewe msomaji wa Pemba, na wewe uliye Mombasa, Tanga, Unguja au Maskati lakini kwenu ni hapa. Kama ndani ya sanduku la marehemu mzee wako kuna picha ya gari ya mbao, usiichome wala usiitupe. Andika nyuma yake kwa kalamu: jina la gari, njia iliyokwenda, dereva, utingo, na hasa seremala aliyeijenga. Picha irudi sandukuni, nakala yake ipelekwe Makumbusho ya Pemba, pale ngomeni Chake Chake, au iletwe kwangu nami nitaipeleka. Na kama kuna mwenye bodi nzima inayooza chini ya mwembe, aseme mapema, tuje na jeki.

Mimi nipo barazani Tibirinzi kila siku baada ya alasiri. Kahawa ipo.